Kurasa Kumi na Sita za Mkunjaji

Mlioniacha wiki iliyopita nimekaa sakafuni na simu sikioni, jueni kwamba sijainuka. Ila kuna wanaonisoma leo kwa mara ya kwanza, na si vizuri mgeni aingie msibani bila kuambiwa aliyekufa ni nani.

Mimi ndiye niliyeandika Mkunjaji, ile riwaya ya mtu anayeua, kisha anakunja nguo za marehemu vizuri na kuziacha juu ya kiti. Kitabu cha kwanza kiliisha bila kumtaja. Kwa miaka mitatu watu walinisumbua sokoni, mazikoni, hata kwenye foleni ya hospitali. "Ni nani? Tuambie, hata kwa kunong'ona." Basi nikaandika cha pili. Nyuma ya jalada, kama tunavyofanya waandishi tusio na ofisi, nikaweka namba yangu ya simu.

Tangu kitoke nimepoteza kazi ya ukarani shuleni, kwa kuwa mwalimu mkuu alisema mwenye kuwaza damu asikae karibu na watoto. Nimepoteza mchumba pia. Alidai ninakunja mashati yake vizuri kupita kiasi. Hayo nimeshawasimulia, na mlicheka, nawajua.

Halafu zikaja simu na jumbe za wasomaji.

Muuguzi mmoja aliniandikia: "Dada, nimekisoma zamu nzima. Mgonjwa kaniita mara tatu sikusikia. Mungu atusamehe wote wawili."

Kinyozi akaandika: "Umetuuza. Miaka mitatu nasubiri, kumbe ni daktari? Hata mteja wangu aliyelala kitini alishajua ni daktari. Nirudishie muda wangu."

Na binti wa duka la dawa: "Yule dobi nilimwogopa, halafu nikamhurumia, halafu nikajichukia kwa kumhurumia. Wewe mwanamke una roho gani?"

Dobi? Mimi sikuandika kwamba muuaji ni dobi. Niliandika ni daktari. Nikadhani binti amesoma akisinzia.

Kumbe hakuwa peke yake. Kwenye saluni moja wanawake wawili walivutana nywele, mmoja anamtetea daktari, mwingine dobi. Mume na mke waliosoma kila mtu na nakala yake walimaliza siku nne hawasemeshani. Nami nilicheka. Nilikaa nikacheka mpaka machozi, mjinga mimi.

Wiki iliyopita niliishia pale dereva wa lori aliponipigia.

"Mwandishi, mimi mtu mzima, nina wajukuu. Lakini ukurasa wa tisini na saba umenifanya nisimamishe lori pembeni nikalia."

"Daktari amekuliza?"

"Daktari gani tena? Dobi! Sikiliza nikusomee: 'Dobi alinyunyiza maji kwenye shati, akaanza na mkono wa kushoto, kama kawaida yake...'"

Hapo ndipo nilipokaa sakafuni. Maneno yale niliyajua, kwa sababu niliyaandika mimi. Na niliagiza yachomwe moto.

Sasa niungame, maana mficha uchi hazai.

Kaka yangu ni dobi. Ana chumba kimoja kinachotazama barabara, meza iliyotandikwa blanketi kuukuu, na pasi ya mkaa ambayo haazimishi mtu. Shati huanza kulikunja kwa mkono wa kushoto. Huimba wimbo usio na maneno. Na huongea na nguo: "Tulia, bwana mkubwa, namalizia kola yako."

Hayo yote nilimpa muuaji wangu. Nilimpa na zaidi.

Tulizaliwa watatu. Baba alikufa mapema, Mama alikuwa mwalimu. Kaka akiwa na miaka kumi na miwili, mimi minane, na kitinda mimba wetu minne, tulipita siku moja kando ya machimbo ya mawe, penye shimo lililojaa maji ya mvua. Kaka alikuwa amemshika mdogo wetu mkono. Akaona mpira unaelea. Akauachia ule mkono, aufuate mpira. Alipogeuka, mtoto hakuwapo.

Tulimwambia Mama kwamba mtoto alitoroka sisi tukiwa tunaanua nguo. Tukaapa, wawili sisi, kwamba hatutasema lingine mpaka kaburini. Kiapo hicho kina miaka thelathini.

Kaka hakurudi tena shule. Alishika pasi, na pasi hiyo ndiyo iliyonisomesha mimi mpaka nikajua kuandika vitabu. Nami kwa shukrani nikamfanya muuaji.

Msinitazame hivyo. Muuaji wangu alikuwa mkavu, anaua kama mtu anayepanga vikombe. Nilipompa ule mkono ulioachiwa, akapata pumzi. Niliandika usiku mmoja kurasa ambazo sijawahi kuandika mfano wake, na asubuhi nikazipeleka kiwandani zikachapwa.

Siku chache baadaye Kaka akaniletea gauni la uzinduzi, amelipiga pasi hata pindo la ndani. Akaniambia, "Mdogo wangu, wakikuuliza nani kakusomesha, usinitaje. Utaniaibisha na hivi viatu vyangu."

Nilikwenda kiwandani mbio, na gauni mkononi. Nikaandika upya zile kurasa kumi na sita, muuaji akawa daktari. Kurasa zilizofuata sikuzigusa, kwa kuwa humo muuaji nilimwita "yeye" tu. Zikamkaa daktari kama zilivyomkaa dobi, na hakuna aliyeona mshono.

Basi baada ya simu ya dereva nikainuka, nikaenda tena kiwandani.

Kiwanda chenyewe ni banda refu lenye mashine mbili, moja inafanya kazi na nyingine inaitolea vipuri. Kitabu hakichapwi ukurasa mmoja mmoja. Karatasi kubwa ikikunjwa hutoa kurasa kumi na sita, wao huita fungu. Mafungu hupangwa mezani, na wanawake huzunguka meza wakiokota moja moja mpaka kitabu kitimie. Mkubwa wao tunamwita Mama Gundi. Vidole vyake vimekauka gundi miaka ishirini.

"Mama Gundi, yale mafungu niliyosema yachomwe yako wapi?"

"Yale ya dobi?"

"Umejuaje ni ya dobi?"

"Si watu ndio wanasema. Sisi hatukuyachoma. Karatasi nzuri vile! Niliyaweka chini ya meza tufutie gundi."

"Halafu?"

"Halafu fungu jipya la saba likapungua, mengine yalichafuka kwa wino. Nikainama, nikaona ukurasa wa tisini na saba uko juu. Namba imekaa sawa, nikapanga." Akanitazama kwa huruma kabisa. "Mwandishi, sisi hapa tunasoma namba. Hadithi mnasoma nyinyi."

Ningemgombeza vipi? Namba ilikuwa sawa kweli.

"Vimetoka vingapi hivyo?"

"Labda vitabu mia tatu. Vimechanganyika, havijulikani."

Mwenye kiwanda akatokea, yule tunayemwita Mzee Wino, amekunjua mikono kama anayempokea bibi harusi.

"Bingwa wangu! Nilikuwa nakutafuta. Wenye daktari wanapiga miayo, wenye dobi wanalia barabarani. Toleo la pili, dobi tupu!"

"Hapana, Mzee."

"Hapana ya nini?"

"Ni makosa ya chapa."

"Makosa? Binti yangu, hizo ndizo kurasa nzuri kuliko zote ulizowahi kuandika. Daktari wako nilimchapa nikiwa nasinzia."

Kilichoniuma ni kwamba alisema kweli. Nilisimama pale nimekasirika, nimeogopa, na mahali fulani ndani, Mungu anisamehe, nimefurahi.

"Nipe siku mbili," nikamwambia.

"Nakupa mpaka kesho. Wasomaji wakiwa na njaa hawasubiri."

Mtasema: kaka yako hasomi riwaya, mama yako anaogopa damu, wasiwasi wa nini? Nami nilikuwa najiambia hivyo hivyo kituoni, mchana ule, nikisubiri basi, ndipo Kaka akapiga.

"Mdogo wangu, umenifanya maarufu! Wateja wananiita Mkunjaji. Eti humo ndani kuna dobi!"

Alikuwa anacheka. Nilimsikia anapuliza mkaa.

"Kaka, wewe umesoma?"

"Mimi na vitabu tuliagana zamani. Nilinunua kimoja nikampa Mama."

"Mama si anaogopa damu?"

"Nikamwambia, Mama, aliyeandika ni mwanao, damu yake ni wino mtupu. Basi anasoma. Kurasa kumi kila siku baada ya chai ya jioni, hapunguzi hazidishi. Ana ile rula yake na kalamu nyekundu, anasahihisha. Usiniulize makosa mangapi!"

"Amefika wapi?"

"Juzi alikuwa themanini na kitu. Akimaliza atanisimulia. Leo nampelekea nguo zake, nitamuuliza."

Nilihesabu kwa vidole. Kama juzi alikuwa themanini na kitu, jana angefika tisini na kitu. Zile za dobi ni za leo jioni, baada ya chai.

Nikamwacha Kaka anaita "Haloo? Haloo?" Niliingia kwanza duka la vitabu la pale kituoni, nikafungua nakala moja baada ya nyingine kwenye ukurasa wa tisini na saba. Dobi. Dobi. Ya tatu: "Daktari alinawa mikono." Nikaichukua hiyo, nikapanda basi.

Sijawahi kumwomba Mungu kwa ajili ya foleni ya magari, lakini siku ile niliomba. Nilikuwa na jambo moja tu rohoni. Mama asisome kurasa zile. Mwanamke aliyemlaza mtoto wake kaburini akiamini ni ajali isiyo na mtu, asije akajua kutoka kwenye kitabu changu cha mauaji kwamba palikuwa na mkono, na mkono ule ukaachia.

Nilimkuta mezani. Kikombe cha chai bado kinatoa mvuke. Kitabu kimefungwa mbele yake, rula ya mbao imechomoza katikati. Nikashusha pumzi. Nimewahi.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Umeletwa na upepo gani, mbona unahema?"

"Nilikuwa nawahi. Mama, nakala yako hiyo ina makosa ya chapa. Nimekuletea nzuri."

Nikanyoosha mkono. Mama akaweka wake juu ya kitabu, taratibu, kama alivyokuwa akiweka juu ya madaftari tuliyotaka kuyachungulia.

"Makosa ndiyo kazi yangu," akasema. "Keti."

Nikaketi. Mbele ya Mama bado nina miaka minane.

"Macho yangu yamechoka. Nisomee wewe mwenyewe. Rula iko ukurasa wa tisini na saba."

"Nikusomee kwenye hii niliyoleta, basi."

"Nisomee hiki. Ndicho alichoninunulia kaka yako."

Nikafungua. Pale pale juu, maneno yakanikodolea macho: "Dobi alinyunyiza maji kwenye shati." Ukurasa ulikuwa safi, hauna alama hata moja.

"Daktari," nikasoma, "alinawa mikono mara mbili, akaifuta kidole kwa kidole..."

Kurasa za daktari niliziandika mimi, nikazisahihisha mara sita, nazijua kwa moyo. Mama akafumba macho, akaegemea kiti. Nami nikawa natazama dobi na kutamka daktari. Nikageuza ukurasa pale ambapo ningegeuza. Nikapunguza sauti penye huzuni, nikaipandisha penye hofu. Njia ya mwongo ni fupi, wanasema, lakini mimi nilishatembea kurasa nne na jasho halijanitoka.

Ya tano ndiyo ya shimo la machimbo. Nikaigeuza huku nimemtia daktari katikati ya sentensi.

Sentensi nikaiacha hapo hapo.

Pembeni mwa ukurasa, penye mtoto anayeuachia mkono wa mdogo wake ili aufuate mpira, palikuwa na mstari mwekundu ulionyooka, wa rula. Na chini yake mwandiko wa Mama, ule wa ubaoni, kila herufi imesimama wima:

"Na dada yake alikuwa wapi?"

Wasomaji wangu, nyinyi mnaonipigia simu kunisifu na kunitukana, na nyinyi nimewadanganya. Hata hapa, pale juu nilipoungama, nimewadanganya. Hapakuwa na mpira. Mpira niliutengeneza mezani kwangu kama nilivyomtengeneza daktari.

Kaka aliuachia ule mkono kwa sababu aliitwa. Niliyemwita ni mimi. Nilikuwa nyuma yao, nikapiga kelele kwamba ndara yangu imenasa topeni, njoo, Kaka, njoo upesi. Ndara haikuwa imenasa. Nilitaka tu na mimi nishikwe mkono.

Akaja. Akanishika.

"Mbona umenyamaza?" Mama alisema, macho bado ameyafumba.

"Mama..."

"Jana nilivunja sheria yangu. Nilisoma kurasa ishirini na sita bila kunyanyua kichwa. Unaandika vizuri, mwanangu. Nilitaka usikie hilo kwanza."

Nikaweka kidole juu ya ule wino mwekundu.

"Huyo daktari wako pia si mbaya," akaongeza. "Lakini sikumwona humo ndani."

Mlango wa uani ukafunguliwa. Kaka akaingia na nguo za Mama mikononi, zimenyooshwa, zimekunjwa, zinanukia mkaa. Macho yake yalikuwa mekundu. Siku zote huwa mekundu kwa moshi, ndiyo maana mwanzoni sikushtuka. Akaziweka nguo juu ya kiti, akazisawazisha kwa kiganja. Hakuimba.

"Kaka yako nimeshamsomea alasiri, alipofika. Tangu hapo alikuwa uani," Mama alisema. "Nikamuuliza, haya yaliyoandikwa ni kweli? Akaniambia ni kweli, ni yeye, na ni kama yalivyoandikwa. Aliona mpira. Akapiga magoti hapo ulipoketi."

Nikamtazama Kaka. Mpira ambao hajawahi kuuona maishani mwake. Nimeuandika mimi, na yeye amesomewa mara moja tu, na mara hiyo hiyo ameuchukua akaubeba.

"Lakini mimi nimefundisha watoto miaka thelathini na mitano," Mama akaendelea. "Mtoto anayenakili kwa mwenzake namjua. Anajibu haraka mno, tena kwa maneno yale yale ya kitabu."

Akafumbua macho, akanigeukia mimi.

"Soma kilichoandikwa pembeni. Kwa wino mwekundu. Soma kwa sauti."

Nikasoma. Sauti yangu ilitoka kama ya mtoto wa darasa la pili.

"Na dada yake alikuwa wapi?"

"Jibu," Mama alisema.

Nyuma ya kiti chake Kaka alikuwa amesimama, mkono bado uko juu ya zile nguo. Akanitazama moja kwa moja, kwa mara ya kwanza tangu aingie, akatikisa kichwa taratibu. Nisiseme.